Kuziona sayari kwa karibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu darubini na lenzi zake

Maswali haya huulizwa na watu ambao tayari wana darubini ndogo nyumbani, au wana fedha mkononi na wanatafuta ya kununua, na haja yao ni moja: waione mikanda ya Mshtarii, pete za Zohali na kofia ya barafu ya Mirihi, visiwe vidoa vya mwanga tu. Majibu yamemlenga zaidi anayeishi karibu na Ikweta. Maelezo mengi yanayokuja na darubini huandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya au Marekani, na kuna mambo ambayo kwetu hayaendi hivyo.

Boksi la darubini yangu limeandikwa "mara 525". Mbona Mshtarii naiona kama doa la ukungu?

Namba hiyo imepatikana kwa hesabu sahihi, ila haikusaidii kitu. Darubini za namna hiyo huwa na lenzi kuu ya kipenyo cha milimita 70, au kioo cha milimita 76, na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi pale picha inapojikusanya) wa milimita 700. Gawa 700 kwa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, unapata mara 175. Ongeza lenzi ya Barlow (lenzi ya ziada ya kuzidisha ukuzaji) ya mara tatu iliyomo ndani ya boksi, unafika 525.

Sasa, lenzi ya milimita 70 inakusanya mwanga wa kiasi fulani tu, na uwezo wake wa kutenganisha vitu una mwisho. Hata iwe safi namna gani, alama mbili zilizoachana kwa chini ya sekunde 1.7 hivi za pembe zitaonekana ni moja (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Ukizidisha ukuzaji kupita hapo, huongezi kitu kipya cha kuona. Unautandaza mwanga uleule kwenye eneo kubwa zaidi, nao unafifia.

Kanuni inayotumika kote ni kwamba ukuzaji wa juu kabisa wenye faida ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita: darubini ya milimita 70 inaishia mara 140, ya 114 inaishia mara 228, ya 150 mara 300. Na huo ni mwisho wa usiku ambao hewa imetulia sana. Siku nyingi utafanya kazi vizuri chini ya hapo.

Kwa hiyo usiku wa leo iweke Barlow pembeni, pamoja na lenzi ya milimita 4. Weka ile ndefu kuliko zote, ya 20 au 25. Tafuta Mshtarii, iweke katikati, kisha zungusha kinobu cha fokasi taratibu mpaka ile miezi yake minne iwe nukta kali zilizojipanga kwenye mstari. Hapo ndipo ubadilishe kwenda lenzi ya milimita 10. Kwa mara 70 utaona mikanda miwili ya rangi ya kahawia imepita katikati ya sayari. Darubini ni ileile.

Nahitaji ukuzaji wa kiasi gani ili nione nini?

Mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mwezi wetu, kwa macho matupu, una upana wa sekunde 1,800 hivi za pembe. Mshtarii ikiwa karibu nasi ina sekunde 45 hivi. Maana yake, ukiikuza mara 40 tu, inakuwa na upana uleule wa Mwezi unaouona ukitoka nje ya mlango. Wengi hawakubali mpaka waupime, kwa sababu duara lililo peke yake kwenye giza la lenzi jicho huliona dogo. Galileo alipoiona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610, darubini yake ilikuwa inakuza kama mara 20.

Zohali kwa mara 30 huonekana kama yai lenye masikio. Kwa mara 60 au 75 unaona wazi kwamba pete haijagusana na sayari. Ukiwa na kipenyo cha milimita 100 au zaidi na ukuzaji wa mara 150, usiku mtulivu utakuonyesha uzi mweusi ndani ya pete, ule mwanya ambao Giovanni Domenico Cassini aliutambua mwaka 1675. Jambo la kuzingatia: Machi 2025 pete zilitugeuzia ukingo, na tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Anayeziona nyembamba kipindi hiki asikimbilie kubadilisha lenzi.

Mirihi ndiyo ngumu. Huja karibu kila baada ya miezi 26 hivi, na hata hivyo ujio mmoja haufanani na mwingine. Februari 2027 itafika chini kidogo ya sekunde 14; Septemba 2035 itapita sekunde 24. Ikiwa mbali hushuka hata chini ya sekunde 4, na wakati huo hakuna lenzi ya kununua itakayokuonyesha alama zake. Panga kuitazama wiki chache kabla na baada ya kuwa karibu, kwa mara 150 hadi 200, na lipe jicho muda. Alama zake nyeusi hazijitokezi dakika ya kwanza.

Zuhura inatosheka na mara 50: utaona umbo la mwezi mwandamo au nusu. Itazame wakati anga bado lina mwanga wa magharibi, maana giza likiingia inang'aa mno na umbo linapotea. Uranus na Neptune ni vitufe vidogo vya rangi ya kibuluu, na vitabaki hivyo kwenye darubini yoyote ya nyumbani.

Basi ninunue lenzi ya jicho ya milimita ngapi?

Chukua urefu wa fokasi wa darubini yako (umeandikwa ubavuni mwa bomba, karibu na herufi F), ugawe kwa ukuzaji unaoutaka. Jibu ni milimita za lenzi.

Ikiwa fedha inatosha lenzi moja tu, nunua inayokupa kati ya mara 120 na 150. Hiyo ndiyo utakayoitumia usiku mwingi wa mwaka. Mwenye darubini ya 114 kwa 900 (kipenyo kwa fokasi, kwa milimita) atachukua milimita 6, apate mara 150. Mwenye Maksutov (darubini fupi inayotumia lenzi na vioo kwa pamoja) ya 127 kwa 1,500 atachukua milimita 10, apate vilevile mara 150. Mwenye 150 kwa 1,200 achukue milimita 8. Mwenye 130 kwa 650 anahitaji lenzi fupi, milimita 5 kwa mara 130, kwa kuwa fokasi yake yenyewe ni fupi. Na mwenye 70 kwa 700 aishie kwenye milimita 6, inayompa mara 117.

Lenzi ya pili, ile ya mara 200 kwa ajili ya usiku mtulivu, ingoje. Itumie ya kwanza miezi kadhaa, uzijue nyusiku zako, halafu uamue.

H20, SR4, K9, PL10: herufi hizi zina maana gani?

Zinataja muundo wa vioo vilivyomo ndani. H ni Huygens, muundo wa karne ya 17. SR ni Ramsden, K ni Kellner, PL ni Plössl, yaani muundo wa Georg Simon Plössl, fundi wa vifaa vya macho wa Vienna, wa mwaka 1860. Zile za H na SR ndizo hujaza maboksi ya bei rahisi, na ndizo za kwanza kubadilishwa. SR4 hasa: tundu lake la kuchungulia ni dogo sana, na picha yake ni ya giza.

Plössl ni lenzi nzuri na bei yake si kubwa. Ninaipendekeza bila wasiwasi kuanzia milimita 10 kwenda juu. Chini ya hapo ina taabu moja: jinsi lenzi inavyokuwa fupi, ndivyo jicho linavyolazimika kusogea. Plössl ya milimita 6 inakutaka uweke jicho milimita 4 au 5 tu kutoka kwenye kioo. Kope zinagusa, zinaacha mafuta, na baada ya dakika kumi picha imekuwa na utando. Mtoto hawezi kabisa kutulia hapo.

Kwa milimita 6 na 9 tafuta zile lenzi za uwanja (duara la anga unaloliona ukichungulia) mpana wa nyuzi 66, zenye mstari wa dhahabu kwenye shingo, zinazouzwa kwa majina mengi tofauti. Zinaliachia jicho nafasi ya takriban milimita 15, na uwanja wake mpana una faida nyingine tutakayoiona kwenye swali la stendi.

Kabla ya kuagiza, chukua rula upime tundu la darubini linaloingia lenzi. Kipimo cha kawaida ni milimita 31.7. Darubini nyingine za bei ya chini zina tundu la milimita 24.5, na lenzi nzuri za kipimo hicho ni chache sana madukani.

Ninavaa miwani. Nitaona?

Kama tatizo lako ni kutoona mbali au karibu, vua miwani na urekebishe fokasi. Darubini yenyewe inafanya kazi ya miwani. Mwenye astigimatizimu (kasoro ya umbo la jicho inayopotosha picha) pia hupata nafuu kwenye ukuzaji mkubwa, kwa sababu mwale unaoingia jichoni unakuwa mwembamba, chini ya milimita moja. Ukiona bado lazima uvae, chagua lenzi zenye nafasi ya jicho ya milimita 15 hadi 20.

Lenzi ya Barlow inafaa, au ni kupoteza fedha?

Barlow ya mara mbili, ya vioo halisi vilivyounganishwa, inafaa sana. Imechukua jina la Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19. Inaingia kati ya darubini na lenzi ya jicho, na inazidisha ukuzaji huku nafasi ya jicho ya ile lenzi ndefu ikibaki. Plössl ya milimita 12 pamoja na Barlow inakuwa kama milimita 6, na bado unachungulia kwa raha. Wenye darubini fupi za fokasi 650 ndio wanaofaidi zaidi.

Piga hesabu kwanza. Ukiwa na lenzi za milimita 20 na 10, Barlow ya mara mbili itaigeuza ile ya 20 kuwa 10 nyingine, ambayo tayari unayo. Ukiwa na 25 na 10, utapata 12.5 na 5, na sasa una hatua nne za ukuzaji. Barlow ya plastiki ya mara tatu, ile ya bure, usiitumie.

Nikigusa tu darubini, sayari inacheza. Nifanye nini?

Hapa ndipo fedha nyingi zingepaswa kwenda, na ndipo chache huenda. Kwa mara 150 kila mtetemo unakuzwa mara 150. Stendi ya miguu mitatu ya alumini nyembamba haiwezi, hata uweke lenzi ya bei gani juu yake. Ishushe miguu yote mpaka mwisho, ukae kwenye kigoda badala ya kusimama. Ning'iniza dumu dogo la maji katikati ya miguu. Isimike kwenye udongo, epuka ghorofani ambako watu wanatembea. Ukigusa kinobu, ondoa mkono, hesabu sekunde mbili tatu, ndipo utazame.

Halafu kuna stendi ya ikweta, ile yenye uzito wa kusawazisha na mhimili ulioinama. Jina lake lisikudanganye kwamba ndiyo ya watu wa Ikweta. Mhimili wake unatakiwa uelekee ncha ya anga, yaani ile sehemu ya anga ambayo nyota huonekana kuizunguka, na urefu wa ncha hiyo juu ya upeo ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Kwa London ni nyuzi 51. Kwa Dar es Salaam ni nyuzi 7 hivi upande wa kusini, na kwa Nairobi ni nyuzi 1 na kidogo, yaani mhimili unakaribia kulala kabisa. Stendi nyingi za bei ya kawaida hazikutengenezwa kulala hivyo: skrubu inagota, au fimbo ya uzito inagonga mguu wa stendi. Na ile nyota ya kaskazini ambayo kitabu kinakuambia uitumie kulenga, kwetu haionekani.

Stendi inayozunguka kushoto na kulia, juu na chini, haina shida hizo. Iliyo bora kwa bei yake ni ile ya sanduku la mbao, ambayo John Dobson aliisambaza kwa watu wa kawaida kule San Francisco. Inakaa chini, haitikisiki, na inasukumwa kwa mkono. Utaisukuma mara kwa mara kwa sababu Dunia inazunguka: kwa mara 150 na lenzi ya uwanja wa nyuzi 50, Mshtarii inavuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa sekunde 80 hivi. Lenzi ya nyuzi 66 inakupa sekunde 105. Tofauti hiyo ndogo inahisiwa sana mkiwa watu watano mnapokezana.

Ina udhaifu mmoja: sayari ikiwa utosini kabisa, kuisogeza ni kazi. Mwaka 2026 Zohali inapita karibu na utosi wa Dar es Salaam, basi itazame saa moja au mbili kabla haijafika juu, au baada ya kupita.

Bado sijanunua. Nichukue darubini ya lenzi au ya kioo?

Ya kioo, kipenyo cha milimita 150 na fokasi ya 1,200, juu ya sanduku la Dobson. Kama una nafasi na mwili wa kubeba, ile ya milimita 200. Kwa sayari, kwa kila shilingi, sijaona kinachoishinda. Ukikaa ghorofani au unasafiri nayo, Maksutov ya milimita 102 au 127 ni ndogo ya kushikika mkononi na inazipenda sayari, ila bei yake ni ya juu kwa kipenyo hicho. Ya lenzi yenye milimita 70 au 80 na fokasi ya 900 ni mwanzo mzuri kwa mtoto: haihitaji kurekebishwa.

Iepuke darubini ya kioo ya 114 au 127 iliyoandikwa fokasi ya 1,000 huku bomba lake ni la nusu mita tu. Ndani ya sehemu ya fokasi kumepachikwa lenzi ya kurefusha, kwa kawaida ya ubora wa chini, na kuilinganisha vioo vyake ni mateso. Darubini yoyote ya kioo utailinganisha mara kwa mara, hasa baada ya safari ya barabara mbaya; kwa iliyo nzima ni kazi ya dakika tano kwa bisibisi. Kwa sayari usiiruke, kwa sababu kioo kilichokaa upande kidogo tu kinafuta alama zote ndogo.

Ukiweza, chungulia kwanza kwenye darubini ya mtu mwingine. Nairobi wapo The Travelling Telescope, walioanzishwa na Susan Murabana na Chu Owen, ambao huzunguka na darubini mashuleni na kwa umma.

Kwa nini jana ilikuwa safi na leo inachemka?

Hewa. Tunatazama kupitia angahewa lote, na hewa ya joto ikichanganyika na ya baridi picha inatetemeka. Tazama nyota zilizo juu kabisa: zikimetameta kwa nguvu, baki kwenye mara 80. Usiku wenye ukungu mwepesi, ambao nyota zinaonekana chache na hafifu, mara nyingi ndio hewa imetulia, na sayari hazidhuriki na ukungu mdogo.

Hapa ndipo mkaaji wa Ikweta ana bahati ambayo wenzake hawana. Mwaka 2018 Zohali haikupanda zaidi ya nyuzi 16 juu ya upeo kwa mtu wa London. Aliitazama kupitia hewa nzito ya karibu na ardhi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, sayari hiyohiyo ilipita zaidi ya nyuzi 70. Darubini ya milimita 114 hapa kwetu inaweza kuonyesha alichoshindwa kuona mwenye kubwa kuliko hiyo huko kaskazini.

Bahati hiyo tunaiharibu wenyewe kwa mahali tunaposimama. Usitazame juu ya paa la mabati la jirani au sakafu ya zege iliyopigwa jua mchana kutwa. Joto linapanda mpaka usiku wa manane. Majani ni bora. Nyanda za juu, kama Nairobi, Arusha au Mbeya, itoe darubini nje nusu saa au zaidi kabla, ipoe. Maksutov huchukua muda mrefu kuliko zote. Pwani kuna kinyume chake: ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi, unyevu unaganda kwenye kioo papo hapo. Usiufute kwa kanga wala karatasi. Uache ukauke wenyewe, na siku nyingine ilaze darubini kwenye chumba kisicho na kiyoyozi.

Vichujio vya rangi je?

Vya mwisho kabisa kwenye orodha. Cha bluu hafifu kinaikoleza kidogo mikanda ya Mshtarii, cha njano au chungwa kinasaidia Mirihi, na vyote vinapunguza mwanga ambao darubini ndogo haina wa kugawa.

Kichujio kimoja kitupe leo: kile kidogo cheusi au kijani kilichoandikwa "Sun", cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Kinapokea joto lote lililokusanywa na darubini, kinaweza kupasuka ukiwa unatazama, na jicho halirudi. Jua hutazamwa kwa kichujio maalumu kinachofunika mdomo wa mbele wa darubini, na watoto wasiachwe peke yao nayo mchana.

Naweza kupiga picha kwa simu?

Ndiyo. Nunua adapta ya kushikilia simu kwenye lenzi, tumia lenzi ya milimita 10 hivi, bonyeza na ushikilie kwenye sayari ili kufunga fokasi, kisha shusha mwanga mpaka duara jeupe lionyeshe mikanda. Chukua video, usichukue picha moja. Programu za bure za kompyuta kama PIPP na AutoStakkert huchagua fremu zilizotulia na kuzipanga pamoja, na RegiStax hunoa matokeo. Video ya Mshtarii isizidi dakika mbili au tatu, kwa kuwa sayari hiyo inajizungusha kwa chini ya saa 10 na alama zake zinahama.

Lenzi zangu zimeota madoa kama nyuzi za buibui. Ni nini?

Kuvu. Unyevu wa pwani unaupenda utando wa lenzi (ile tabaka nyembamba iliyopakwa juu ya kioo), na kuvu ikishakula utando haiponi kwa kufuta. Weka lenzi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za silika zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, na uzikaushe au kuzibadilisha zikishalowa. Usizifungie humo zikiwa na umande wa usiku. Ziache mezani mpaka asubuhi zikauke kwanza. Ile yenye kuvu itenge na nyingine.